Pua ya Mwalimu Sada

Kinyaa cha Sada kilijulikana mtaa mzima wa Mtanda. Samaki hamli mpaka mtu mwingine amkate kichwa na kukitupa mbali, chooni haingii bila udi unaofuka, na mtu akipenga kamasi mbele yake wakati wa kula, basi chakula kile kimekwisha, hata kiwe pilau ya Idi. Watoto wa mtaa walimwita Bibi Ptuu, kwa jinsi alivyotema mate kila alipopita penye jalala. Na mwanamke huyo mwenye pua ya kisultani ndiye aliyekuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari pale mjini Lindi, kazi ya kushinda kutwa katikati ya harufu. Alipotaniwa alijibu kwamba harufu za chupa hazimsumbui, kwa sababu kila moja anajua imetoka wapi na inakwenda wapi. Kinachomtapisha ni kinachotoka kwa watu.

Basi Mungu akamletea kilichotoka kwa mtu.

Ilikuwa baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa, mwaka ambao mashamba mapya yalikuwa hayajazaa na ya zamani yameachiwa ngedere. Nassibu, mdogo wake wa tumbo moja, alishushwa mbele ya nyumba yake na lori la korosho. Abiria wengine walikuwa wamejibana kule mbele, nyuma ya kibanda cha dereva, mmoja amemkalia mwenzake; yeye peke yake alipewa nusu nzima ya lori. Alishuka akirukaruka kwa mguu mmoja, ameshika gongo, na mguu wa pili umefungwa kipande cha shuka ambacho rangi yake ya kwanza haikujulikana tena.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," alijibu Sada, na kabla ya kumaliza neno harufu ikamfikia.

Nyama iliyosahaulika chunguni ina harufu yake, na panya aliyefia darini ana yake. Hii ilikuwa zote mbili, na juu yake utamu, utamu mzito wa papai lililooza, na utamu huo ndio uliokuwa mbaya kuliko vyote. Sada alikimbilia nyuma ya nyumba akatapika chai na mihogo yake yote. Alirudi amejitanda khanga puani, amemimina humo nusu chupa ya marashi ya mawaridi, akamkaribisha nduguye ndani kwa sauti ya mtu aliyezama kisimani.

Alipolifungua lile shuka, kwa koleo la jikoni alilolitupa baada ya hapo, aliona kitu ambacho hakukisahau. Muundi ulikuwa umeliwa kutoka juu ya kifundo hadi karibu na nusu ya njia ya goti. Kingo zilikuwa nyeusi zimejikunja, katikati pana utando wa kijivu unaotoa usaha wa kijani, na ndani ya usaha buu moja nono likijinyonganyonga kwa starehe zake. Hilo ndilo donda ndugu. Nani aliyeliita ndugu sijui, lakini alikuwa na akili, maana halitoki na halifukuziki.

Nassibu alieleza huku akitazama ukuta. Alijikata kwa panga wakati wa kufyeka pori la shamba la kijiji, njia ya Rutamba. Jeraha lenyewe dogo, la kupakwa mate. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza mbele ya watu kwamba kidonda kama kile hakimzuii mjamaa kushika jembe, na asiyefanya kazi ni kupe. Mwenyekiti mwenyewe, niseme nisiseme, jembe lake lilikuwa na mpini mweupe kama siku lilipotoka dukani. Nassibu akalima na kidonda ndani ya tope. Kilipoanza kunuka, wenzake wakamwachia mstari mmoja mtupu kila upande. Kilipozidi, akapelekwa kuwinga ndege kwenye mtama, mwisho kabisa wa shamba, na mwenyekiti yule yule akawa akimsalimu kwa kupunga mkono kutoka ng'ambo. Zahanati ilimpa vidonge vya salfa. Donda likavila vile vidonge na kuomba vingine.

"Na Maftaha?" Sada aliuliza, kwa kuwa wifi yake hakuonekana.

"Kwanza alihamisha mkeka wake, akalala upande wa mlangoni. Halafu akalala barazani. Halafu akaenda kwao Mingoyo." Nassibu alimfukuza nzi mguuni. "Simlaumu, dada. Hata mimi ningeweza kujihama, ningejihama."

Hospitalini walimkuta Daktari Sebastiani, mtu mfupi mwenye macho mekundu, aliyekuwa akifanya kazi ya watu watatu kwa dawa za nusu mtu. Penisilini hakuna, imekwisha na haijulikani itakuja lini. Alilitazama donda bila kuziba pua, akalibonyeza pembeni kwa kidole, akachovya kijiti kwenye dawa ya zambarau na kuchora mstari chini ya goti la Nassibu.

"Mimi sitaki kukata," alisema. "Lakini weusi huu ukiuvuka mstari huu, nakata siku hiyo hiyo. Nikingoja zaidi nitakuwa nazika."

"Daktari," alisema Nassibu, na hiyo ndiyo mara pekee alipoomba kitu siku ile, "mimi mkulima. Nina mikorosho niliyoipanda kwa mkono wangu. Mwenye mguu mmoja atapaliliaje?"

Sebastiani alimpa Sada pamba na kumwambia aoshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa.

Sada aliondoka pale na jambo kichwani. Alipokuwa akisoma Ujerumani Mashariki, profesa wake mmoja, mzee mwenye koti lililojaa madoa, alikuwa amewafundisha kutengeneza vitu vinavyoitwa besi za Schiff. Unachukua mafuta fulani yenye harufu ya lozi chungu. Unachukua na kitu kingine chenye mkono wa naitrojeni, na ile dawa ya salfa ni mojawapo. Unavichemsha pamoja katika spiriti, vinashikana, vinadondosha maji kidogo, na chini ya chupa inatua chenga ya manjano. Chenga hiyo ina magando kama kaa. Ukiipa shaba inaibana kwa magando yote, na manjano inageuka kijani. Shaba ikiwa peke yake ni jeuri, inaunguza vijidudu na nyama ya mtu pamoja. Salfa peke yake vijidudu vimeshaizoea, vinainywa kama chai. Lakini shaba iliyobanwa na magando hujipenyeza katika ngozi ya kijidudu mahali ambapo shaba tupu isingepita. Ndivyo profesa alivyosema, na Sada alirudi nyumbani na chupa moja ya yale mafuta ya lozi ndani ya soksi.

Salfa alikuwa nayo, vidonge vya Nassibu vilivyobaki. Shaba aliipata dukani kwa Rabiabai, mama wa Kihindi aliyekuwa na duka karibu na soko, kwa sababu mrututu, yale mawe ya buluu ambayo watu wa pwani wamepaka vidondani tangu enzi za mababu, ni chumvi ya shaba na si kitu kingine.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua kama dawa inaua. Alichemsha mwani na mchuzi wa nyama, akaumimina katika visahani vya kioo vya maabara, ukaganda. Kisha ilimbidi atwae usaha wa nduguye na kuupaka juu ya visahani, na hapo nusura aache. Usaha ulining'inia kwenye kijiti, ukavutika kama ulimbo, ukadondokea kidoleni. Alikiosha kile kidole mpaka ngozi ikachubuka, na bado usiku ule hakula kwa mkono. Visahani vilikaa kabatini vikaota ukungu unaong'aa, kijivu na kijani, vikanuka hata kidato cha nne wakaomba kusomea nje chini ya jua. Mkuu wa shule alichungulia mlangoni, akasema kujitegemea kuna mipaka yake, akaondoka upesi.

Lakini visahani vilisema kweli. Mahali alipoweka salfa, vijidudu vilikuwa vimeota hadi juu ya dawa yenyewe, kwa dharau. Alipoweka mrututu palikuwa na kijiduara kidogo kitupu. Na alipoweka unga wa kijani palikuwa na duara pana, safi, mwani ukionekana mtupu kama siku alipoumimina. Sada alikaa mbele ya kile kisahani akacheka peke yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikisogeza kitu kichafu karibu na uso, lakini hata hivyo alikuwa amebana pumzi.

Sebastiani alipooneshwa hakucheka.

"Kisahani si mguu, mwalimu."

"Nimejipaka mwenyewe." Sada alikunja mkono wa gauni. Juu ya ngozi ya mkono wake palikuwa na baka la kijani, na chini yake ngozi nzima, haikuwasha wala haikuvimba.

"Ngozi nzima si donda." Alikigeuza kisahani kwenye mwanga mara kadhaa. "Kipya kinyemi ingawa kidonda. Usije ukaipenda dawa yako kuliko mgonjwa wako." Kisha akapumua. "Lakini mimi sina cha kumpa. Jaribu. Mstari wangu unabaki pale pale."

Basi Sada akausaga unga wake, akauchanganya na mafuta ya mgando, akaanza. Alimpa Nassibu amri kabla ya kumpaka mara ya kwanza. Asitie majivu. Asitie tumbaku iliyotafunwa, wala mavi ya ng'ombe, wala mizizi ya mtu yeyote anayepita akijiita fundi. Asitie hata mrututu wenyewe. Nassibu aliitikia kila moja kwa kichwa. Alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wagonjwa wote.

Kila asubuhi na kila jioni Sada aliingia chumbani kwa nduguye akiwa amejifunga khanga usoni hadi chini ya macho, imelowa marashi hata machozi yanamtoka. Alifanya kazi kwa koleo jingine, mikono imenyooshwa, shingo imegeuzwa upande, akitazama donda kwa pembe ya jicho. Bandeji iliyotolewa ilikwenda motoni moja kwa moja. Nassibu alikuwa na sahani yake, kikombe chake na kata yake, navyo vilioshwa uani kwa maji ya moto na mti mrefu. Na Sada akitoka tu nje ya mlango, ptuu, mate chini. Ungemuuliza angekwambia ni usafi, ni sayansi, vijidudu haviogopi undugu. Nusu ya hayo ilikuwa kweli. Nusu nyingine ilikuwa kinyaa kitupu, na kinyaa kikipata kanzu ya elimu huvaa na kutembea nayo kwa maringo.

Nassibu aliyaona yote. Mtu aliyelazwa chali hana kazi nyingine ila kutazama nyuso.

Dawa ikafanya kazi. Utando wa kijivu ulibanduka, chini yake ikatokea nyama nyekundu yenye chembechembe kama mtama. Usaha ukapungua. Weusi ukasimama pale ulipokuwa, mbali na mstari wa zambarau. Sada alitaka kuruka kwa furaha.

"Nyama mpya, Nassibu! Inaota! Mikorosho yako utapalilia mwenyewe." Alisema hivyo akiwa bado amegeuza shingo, na kwa kuwa furaha humlegeza mtu ulimi akaongeza, "Imebaki hii harufu tu. Ikitoka hii harufu tutakuwa watu."

Nassibu akatabasamu, akasema inshallah.

Siku chache baadaye bandeji ilitoka na doa la buluu. Si kijani, buluu ya mrututu, na chini yake ile nyama nyekundu ilikuwa imegeuka ya kijivu, imeparara kama iliyomwagiwa maji ya moto. Nassibu alikuwa anatokwa na jasho.

"Inauma?"

"Si sana."

Sada alijilaumu. Pengine unga ulikuwa na uchafu, pengine hakuosha chenga ya kutosha, pengine unyevu wa masika umeingia kwenye chupa. Alikwenda shule siku ya mapumziko, akatengeneza unga mwingine, akauosha kwa spiriti mpaka maji yakatoka meupe. Akampaka upya. Kesho yake doa la buluu lilikuwa kubwa zaidi. Usaha ukarudi, ule ule wa kijani, na harufu ikazidi, imeleta jamaa zake. Akaongeza marashi kwenye khanga. Weusi ukaanza kupanda.

Hapo ndipo alipoanza kuichukia dawa yake. Aliwaza juu ya Sebastiani na maneno yake. Aliwaza kwamba labda kinachoua ndani ya kisahani kinaua ndani ya mtu pia, na kwamba amemfanya ndugu yake panya wa majaribio. Nassibu hakulalamika hata mara moja. Alikuwa anang'ata pindo la shuka, na Sada akiingia analitoa kinywani, analisawazisha na kumwamkia.

Marashi yakaisha. Sada akaenda dukani kwa Rabiabai, akakuta rafu tupu, makopo ya dawa ya viatu yamepangwa mbali mbali ili duka lionekane limejaa.

"Marashi hapana, mwalimu," alisema Rabiabai. "Mwezi wa pili huu hakuna. Sabuni kipande kidogo ipo, nimekuwekea wewe. Ndugu yako anaendeleaje?"

"Vibaya, mama."

"Ya Ali," alisema mama yule, akamfungia sabuni katika gazeti bila kusema zaidi.

Jioni ile Sada aliingia kwa Nassibu na khanga kavu. Uozo ulimpiga usoni kama mlango. Akasimama akimeza mate. Na nyuma ya uozo, alipokuwa akijilazimisha kuvuta pumzi ya pili, akasikia kitu ambacho hakikutakiwa kuwa pale. Lozi. Lozi chungu, wazi kabisa, kana kwamba kuna mtu amefungua ile chupa yake ya Ujerumani chini ya kitanda.

Akaivuta khanga shingoni. Akapiga magoti. Akaweka koleo chini, akaufungua mguu kwa vidole vyake na kuinama mpaka ncha ya pua ikawa inchi moja kutoka kwenye donda. Alinusa kama anavyonusa mwanamke anayekagua samaki sokoni. Chini ya uozo palikuwa na lozi. Na chini ya lozi palikuwa na kitu kingine, kikali, kisafi, cha kila siku, cha jikoni kwa kila mtu kuanzia Kilwa hadi Mtwara.

Hakuhitaji kisahani. Jambo lenyewe alilifundisha kila mwaka. Vile vitu viwili vilivyoshikana kwa kudondosha maji, ukivitia maji yenye uchachu vinaachana. Magando yanafunguka. Lozi inarudi kuwa lozi, salfa inarudi kuwa salfa, na shaba inabaki tupu, buluu, jeuri, juu ya nyama changa. Kila siku alikuwa akiweka dawa, na kila siku kitu kilikuwa kikiivunja na kuigeuza kuwa moto. Na ushahidi ulikuwa ukipanda hewani mbele ya uso wake asubuhi na jioni, naye akauzibia pua kwa mawaridi.

"Nassibu," alisema, bado amepiga magoti. "Umetia ndimu?"

Nassibu akaangalia ukuta.

"Nassibu!"

"Hukukataza ndimu, dada."

Kweli hakukataza. Alikataza dawa zote za kishamba alizozijua na kuzidharau. Ndimu si dawa. Ndimu ni ile unayopaka mikononi ukimaliza kupara samaki, unayosugulia kibao cha kukatia, unayokamulia maji ya kunawa mgeni asiondoke na harufu ya papa vidoleni. Mwana wa pwani hujua kabla ya kujua kusoma kwamba ndimu hukata shombo.

"Kwa nini?"

"Ulisema imebaki harufu." Aliyatoa maneno moja moja. "Mti wa jirani matawi yake yanafika dirishani. Nikawa nafungua bandeji kabla hujaja, nakamua, nafunga tena. Ukija isikusumbue."

"Haikukuuma?"

"Iliuma mpaka nikaona nyota mchana." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekamatwa. "Lakini siku ya kwanza ya ndimu, ulipotoka mlangoni hukutema mate. Nilisikiliza. Nikajua imefaa."

Siku ile Sada alikuwa amemimina marashi mara mbili ya kawaida. Aliikumbuka. Alikumbuka hata kwamba alijisifu moyoni jinsi alivyoweza kuvumilia.

"Maftaha naye alianza hivyo hivyo," alisema Nassibu. "Aligeuza shingo kwanza. Mkeka ukafuata. Mimi sina pengine pa kwenda, dada. Baada yako hakuna mtu."

Kilichomjia Sada ni kinyaa, kile kile alichokijua tangu utotoni, cha kupanda kutoka tumboni hadi kooni na kujaza mdomo maji machungu. Ila safari hii hakikutoka kwenye donda. Kilikuwa cha shingo yake iliyogeuzwa, cha koleo, cha kata iliyotengwa na ule mti mrefu wa kuoshea, cha ptuu moja baada ya nyingine nje ya mlango ambao nyuma yake mtu amelala anasikiliza. Kutapika asingeweza, maana angemtapika nani? Alikaa pale sakafuni amemshika kifundo cha mguu kwa mkono mtupu, na usaha ukapita kati ya vidole vyake.

Weusi ulikuwa umegusa mstari wa zambarau. Aliuona sasa kwa kuwa alikuwa anatazama kwa macho mawili.

Asubuhi walimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa kubebea chumvi, Sada mwenyewe akisukuma. Watu wa Mtanda walioziba pua njiani walikutana na macho yake wakazizibua. Sebastiani alifungua bandeji, akaangalia kwa muda mrefu. Upande mmoja, pembezoni, mahali ambapo maji ya ndimu hayakutiririka, palibaki ukanda mwembamba wa nyama nyekundu, yenye chembechembe, nzima. Akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Hapa palikuwa panapona," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na alisema alichokiona. "Dawa yako ilikuwa inafanya kazi, mwalimu. Nini kiliingia?"

"Mimi," alisema Sada.

Daktari alimtazama, akadhani ni uchungu, akaita watu wa kubeba.

Sada alikaa kwenye benchi la nje wakati wote wa upasuaji. Mlango ulipofunguliwa alitoka mhudumu na ndoo iliyofunikwa kitambaa, akapita mbele yake haraka, na nzi wakamfuata. Hakugeuza shingo. Aliifuata ndoo ile kwa macho mpaka ilipopinda kona, akijua kilichokuwamo ni cha nani na kimefikaje mle.

Nassibu alizinduka jua likiwa limekwisha pinda. Hakutazama mahali shuka lilipolala bapa. Alimtafuta dada yake kwa macho, akauangalia uso wake, akaukagua kipande kwa kipande kama ilivyokuwa kazi yake kwa majuma yote yale.

"Dada," alisema, ulimi mzito wa dawa ya usingizi. "Bado nanuka?"

Uongo mzuri ulimjia Sada mdomoni, ule wa kumwambia mgonjwa. Aliuacha. Aliinama, akaweka uso wake shingoni kwa nduguye, pale penye jasho na damu iliyokauka na etha, akavuta pumzi mpaka ndani kabisa na kuitoa polepole.

"Unanuka," alimwambia. "Na siondoki."

Nassibu alifumba macho. Baadaye kidogo mkono wake ulipapasa shuka, ukashuka ubavuni, ukateremka hadi mahali mguu ulipoishia, na hapo ndipo alipoanza kulia.